Kabla ya kura ya 2027, jua jina lako liko kwa kitabu cha nani

Niko na saiba ndogo huku Pipeline, Nairobi, mashine nne na printa moja ya kusumbua, na kila kura ikikaribia kazi yangu hubadilika. Si CV tena, si KRA tena, ni watu wanaingia na simu mkononi wameshika kichwa. 2022 ndio sitasahau. Kuna dada alikuja nimsaidie kuomba ile kazi ya ukarani wa tume ya uchaguzi, IEBC, ile ya siku ya kura, na hiyo kazi haitaki mtu mwenye chama. Akaniambia yeye hana chama kingine chochote isipokuwa kile cha akina mama cha Jumapili. Tukaingia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, tukafungua upande wa Msajili wa Vyama vya Siasa, tukamkuta huyo hapo, memba kamili, majina yote matatu, namba ya kitambulisho haijakosewa hata moja. Nikacheka kidogo halafu nikaingia na akaunti yangu. Na mimi nilikuwa memba! Tena wa chama sijawahi sikia, nembo yake hata ungeipaka kwa mlango wangu singeijua.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuulizwa hii maneno na nimeona watu wengi wakifanya kosa lile lile, wanaenda kupiga kelele kwa mlango usio wao. Mtu anaenda ofisi ya tume kulalamika ati ameingizwa kwa chama, anaambiwa hiyo si yetu, anarudi akisema serikali ni moja wanazungushana tu. Hapa si moja. Jina lako liko kwa vitabu vitatu. Cha kwanza ni rejista ya wapiga kura, hicho ni cha IEBC. Cha pili ni orodha ya wanachama wa vyama, hiyo huletwa na vyama wenyewe na kuwekwa na Msajili wa Vyama. Cha tatu ndio kile hakuna mtu hukuonyesha, kile kidaftari au faili ya Excel ya mgombea na watu wake wa mtaa, yenye jina lako, simu yako, plot yako, na saa zingine hata kabila lako. Kila kitabu kiko na mlango wake. Ukijua ni gani imekuuma, nusu ya kazi umemaliza.

Hatua ya kwanza: anza na rejista ya tume

Hii ndio rahisi. Kwanza ujue wako na nini yako. Ukienda kujiandikisha, karani anachukua majina venye yako kwa kitambulisho, namba ya kitambulisho au pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na kituo chenye utapigia kura. Halafu unapigwa picha na vidole vyako vinasomwa na ile mashine. Hii mambo ya vidole ilianza na usajili wa kura ya 2013, na tangu usajili ule ulifunguliwa Septemba 2025 mashine inasoma na mboni ya jicho pia, kwa sababu kuna watu vidole vimeisha, fundi wa mawe, mama wa kufua, mashine inakataa kabisa kumsoma. Ukimaliza unapewa kile kikaratasi. Usikitupe. Siku ya kura hakuna mtu atakuuliza hicho kikaratasi, unaenda na kitambulisho chenye ulijiandikisha nacho, lakini siku umejikuta umehamishwa kituo hiyo ndio karatasi yako ya kuonyesha ulikuwa wapi.

Kucheki, kuna njia mbili. Ya kungojea ni ile ya wakati tume imefungua ukaguzi. Sheria ya Uchaguzi inataka wafungue si chini ya siku 60 kabla ya kura kuu na wakae wazi siku 30, uende kituo chako uweke kidole uone kama mashine inakujua. Kura ni Jumanne 10 Agosti 2027, kwa hivyo hesabu mwenyewe. Wakati huo pia huwa kuna ile namba ya meseji, 70000. Na hapa wacha niseme kitu. 2017 ulikuwa unatuma namba ya kitambulisho peke yake unarudishiwa jina na kituo. Sasa fikiria, namba yako ya kitambulisho iko kwa soja wa kila bilding umewahi ingia town. Mtu yeyote akiwa na hiyo namba alikuwa anaweza kujua unaitwa nani na unapigia wapi. 2022 wakaongeza mwaka wa kuzaliwa, unatuma namba, alama ya reli, mwaka. Ni afadhali, ingawa mwaka wa kuzaliwa wa mtu si siri ya serikali, Facebook imejaa hapi bathdei.

Njia ya pili ni kwenda ofisi ya tume ya eneo bunge lako, usingoje hiyo siku 30 yenye laini inafika barabarani. Nairobi tuko na maeneo bunge 17 na kila moja iko na ofisi. Enda Jumanne ama Jumatano asubuhi, beba kitambulisho halisi si picha kwa simu, mwambie karani unataka kuhakikisha usajili wako. Ni haki yako, rejista ni ya kukaguliwa. Angalia vitu vinne tu: spelingi ya jina, namba ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, wadi, na kituo. Nairobi tunahama sana, leo uko Pipeline kesho uko Ruai, na watu wanadhani ukihama nyumba kura inakufuata. Haikufuati, mpaka uende mwenyewe ujaze fomu ya kuhama. Na kama umehamishwa na hukujaza fomu yoyote, hiyo si mistake ya kuacha hivyo hivyo, andika malalamiko hapo hapo, yapigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na kopi. 2022 wakati wa ukaguzi watu wengi walijikuta kwa vituo hawajawahi kanyaga.

Sasa kuna wenye huja hapa wananiambia nataka kufutwa kwa hiyo rejista, sipendi jina langu kubandikwa kwa ukuta wa shule. Pole, hiyo hutapata kirahisi. Tume haihitaji ruhusa yako kuweka rejista, inaiweka kwa sababu Katiba na sheria zimeiambia iweke, na wagombea na wananchi wako na haki ya kuikagua, la sivyo tungejuaje kama kuna watu hewa. Lakini kuikagua ni kuona jina na kituo. Vidole vyako na picha ya mboni havifai kutoka hapo kwenda popote, sheria inaziita data nyeti. Ukiona mtu wa kampeni ako na picha yako ile ya rejista kwa simu yake, hiyo ni kesi.

Hatua ya pili: cheki kama uko chama

Hii ndio ilileta vurugu Juni 2021. Msajili alifungua mahali pa kujiangalia mtandaoni na Wakenya wakaingia wakajikuta memba wa vyama hawajui, Twitter ikashika moto siku kadhaa. Watu walikuwa wanauliza ilifanyika aje. Jibu liko kwa Sheria ya Vyama vya Siasa yenyewe. Chama kikitaka usajili kamili lazima kiwe na wanachama si chini ya 1,000 ambao ni wapiga kura kwa kila kaunti, na kaunti zenyewe ziwe zaidi ya nusu. Kaunti ni 47, zaidi ya nusu ni 24, kwa hivyo unaongea watu 24,000 wenye majina, namba za kitambulisho na sahihi. Chama cha watu watano na ofisi moja ya kukodi watapata wapi watu 24,000? Wanatafuta mahali majina yako tayari yameandikwa. Daftari la wakala wa pesa za simu, lile tulikuwa tunaandika namba ya kitambulisho kila tukitoa pesa. Kitabu cha geti. Fomu za basari. Orodha ya vijana wa kazi ya mtaa. Hakuna mtu alihitaji kuvunja seva ya mtu.

Kucheki ni hivi. Ingia eCitizen na akaunti yako mwenyewe, tafuta huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa, halafu angalia hali yako ya uanachama. Itakuambia uko chama fulani au hauko popote. Kama hauko, piga skrinshoti yenye inaonyesha tarehe, uweke, kwa sababu kutokuwa leo si kutokuwa kesho.

Kama uko na hukujisajili, hapa ndio watu hukimbia. Kuna pahali pa kubonyeza ujiuzulu, na vidole vinawasha. Subiri kidogo. Ukijiuzulu kwanza umeacha rekodi inasema ulikuwa memba halafu ukatoka, na wewe unasema hukuwahi ingia. Hayo ni maneno mawili tofauti. Mimi huwaambia wafuate hii ratiba: kwanza skrinshoti, jina la chama, tarehe ya kuandikishwa kama inaonekana, namba ya uanachama. Pili andika barua kwa Msajili, nakala kwa chama, sema hukuwahi kujiunga, hukusaini, na unaomba wakuonyeshe fomu yenye sahihi yako. Hiyo ya fomu ndio tamu, kwa sababu mara nyingi hakuna fomu, ama iko na sahihi ya mtu mwingine mwenye mwandiko wa daktari. Tatu, ndio sasa ujitoe ili jina lisikae hapo ukingoja. Ofisi za Msajili ziko Lion Place, Waiyaki Way, ukitaka kupeleka kwa mkono. Mimi hupenda kwa mkono, muhuri hauna spamu.

Na usiseme ni kitu kidogo. Kuna kijana wa hapa Kware alitaka kusimama MCA, mwakilishi wa wadi, kama mgombea huru. Katiba kifungu cha 85 inasema usiwe memba wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Alijua aje ako chama? Hakujua, akaambiwa na mshindani wake. Walimu, wauguzi, askari wa kaunti, nyinyi mnafanya kazi ya serikali na mnatakiwa msionekane upande wowote, chekini hata kama hamna mpango wa siasa.

Hatua ya tatu: zile meseji

"Habari Mama Fulani wa kituo cha shule fulani, tarehe fulani usisahau kumpigia…" Umeshaziona. Ile inakutaja jina na kituo ndio ya kuuliza, kwa sababu meseji ya kurushwa tu kwa kila laini haijui unapigia wapi. Huyo mtu amechukua rejista na orodha ya namba za simu akaziunganisha pahali.

Usijibu matusi. Najua inasikia vizuri, lakini matusi hayana kifungu cha sheria. Weka meseji, piga skrinshoti yenye jina la mtumaji na saa, halafu andikia ofisi ya huyo mgombea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kujua mtu anatumia data yako kwa nini, kuiona, kukataa itumike, kusahihishwa kama iko na makosa, na kufutwa kama ni ya uwongo au ya kupotosha. Ukiomba kuona wako na nini yako, kanuni zinawapa siku 7 na hawafai kukulipisha. Kufuta au kurekebisha, siku 14. Mimi niko na barua moja naprintia watu, nakili tu:

*Kwa ofisi ya mheshimiwa fulani. Tarehe fulani saa fulani nilipokea ujumbe kwa simu yangu ukinitaja kwa jina na kituo changu cha kura. Sikuwapa namba yangu. Chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 naomba mniambie kwa maandishi: mko na habari gani zangu, mlizitoa wapi, mnazitumia kwa kazi gani, na ni nani mwingine mmempatia. Sikubali zitumike kwa kampeni, naomba mzifute na mnithibitishie. Nangoja jibu lenu ndani ya muda wa sheria. Nisipopata nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.*

Weka jina, tarehe, na namba ile ile ya simu ilipokea ujumbe. Usiweke namba ya kitambulisho kwa hiyo barua! Nimeona mtu akilalamika ati data yake imeibwa halafu anaambatanisha kopi ya kitambulisho mbele na nyuma. Wakitaka kuhakikisha ni wewe, waulize, na utoe kidogo tu yenye inatosha.

Kitu kingine chenye watu wengi hawajui, hata wagombea wenyewe. Kawaida biashara ndogo, yenye haifikishi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, hailazimishwi kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Data, ODPC, ile inasimamia hiyo sheria. Lakini ukiwa unatafuta kuungwa mkono kisiasa na wapiga kura, hiyo kinga huna, lazima ujisajili hata kama kampeni yako ni wewe, bodaboda mbili na spika. Kwa hivyo kabla ya barua, ingia tovuti ya odpc.go.ke uangalie kama jina la huyo mtu au chama liko kwa orodha ya waliosajiliwa. Kama haliko, ongeza sentensi moja kwa barua ukiuliza wamesajiliwa kwa namba gani. Utashangaa venye adabu huja haraka.

Hatua ya nne: ziba pale zinatoka

Hapa ndio nataka tuongee pole pole, kwa sababu hizo hatua zingine ni za kuzima moto.

Mtaani habari zako hazitoki kwa tume, zinatoka kwa watu unawajua. Mtu wa wadi anakuja plot anaambia keateka amwandikie wapangaji wote, keateka anaandika kwa sababu ameahidiwa kitu kidogo. Mwenyekiti wa grupu ya vijana anaombwa orodha ya memba "tuwaone", anaituma WhatsApp. Ofisi inatoa fomu za basari ya mtoto, unajaza kila kitu mpaka dini, na miezi miwili baadaye unaitwa kwa mkutano wa kampeni kwa jina lako kamili. Sheria iko wazi kwa hiyo, data uliyotoa kwa kazi moja haifai kutumiwa kwa kazi ingine yenye haiingiani na ile ya kwanza. Basari ni basari. Chakula cha msaada cha chifu ni chakula. Lakini sheria haisimami mlangoni ikiangalia, wewe ndio unasimama.

Ukiombwa kopi ya kitambulisho, chora mistari miwili juu ya kopi, katikati ya hiyo mistari uandike "Basari ya wadi, Januari 2027, si kwa kazi nyingine". Isifunike namba wala uso, ipite tu juu. Kopi kama hiyo huwezi kuipeleka kujaza fomu ya chama bila aibu. Nimeanza kufanyia watu hivyo hapa hata kabla waulize, shilingi 10 ya kopi, mwandiko ni bure.

Kitambulisho chenyewe usimpe mtu akae nacho. Kila kura kuna wale huzunguka wakikusanya vitambulisho, saa zingine na mia mbili, ati utarudishiwa baada ya kura. Huyo hataki data yako, anataka usipige kura. Ni kosa la jinai, na aliyeuza pia hayuko salama, kwa hivyo usidhani ni yule mnunuzi tu atabebwa.

Kwa fomu ukiona swali la kabila, chama unapenda, au "utampigia nani", acha wazi. Ukiambiwa ni lazima, uliza ni sheria gani inasema lazima. Kwa kitabu cha geti uliza kama jina na namba ya simu zinatosha, mara nyingi soja hajali, ameambiwa tu ajaze safu zote.

Na saiba. Lazima nijiseme mwenyewe. Ukiingia eCitizen kwa mashine yangu halafu uende bila kutoka, mtu wa pili anakaa kwa kiti bado ni moto na ako ndani ya maisha yako. Kopi ya kitambulisho uliyonitumia WhatsApp niprinti iko kwa kompyuta mpaka mtu aifute. Mimi hufuta kila jioni, lakini wewe hunijui, si uulize? Kabla ya kutoka saiba yoyote: toka kwa akaunti, kataa mashine ikiuliza iweke paswadi, mwambie mwenyewe afute faili na kule kwa pipa la takataka la kompyuta pia, ukiangalia. Mwenye atakasirika kwa hilo swali, usirudi kwake.

Hatua ya tano: Kamishna wa Data

Umeandika barua, siku zimepita, kimya. Sasa ndio unapanda ngazi. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iko Britam Tower, Upper Hill, lakini si lazima upande matatu, malalamiko yanajazwa kwa tovuti yao na hakuna malipo. Ukiwa huna intaneti au kuandika ni shida, sheria inakubali ulalamike kwa mdomo na wao waandike.

Kesi nzuri ni fupi. Andika nani, lini, walifanya nini, uliwaandikia lini, walijibu nini. Ambatanisha skrinshoti, barua yenye muhuri, na kama kuna majirani walipata meseji ile ile, kila mmoja alete yake. Usiandike historia ya siasa ya Kenya tangu 1963, nimeona watu wakijaza kurasa nne na jina la mgombea liko ukurasa wa tatu. Sheria inampa Kamishna siku 90 kuchunguza na kuamua. Anaweza kuamuru wafute, anaweza kupiga faini mpaka shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka kwa kampuni, ile iko chini, na unaweza kupata fidia. Kuna watu wameshalipwa kwa kesi za picha zao kutumiwa kwa matangazo bila ruhusa, kwa hivyo si hadithi tu. Usiporidhika kuna Mahakama Kuu.

Kumbuka tu mlango. Kituo kimebadilishwa au jina limekosewa kwa rejista, anza na tume. Umewekwa chama, Msajili, na Kamishna kwa wakati mmoja. Meseji na vidaftari, mgombea kwanza halafu Kamishna.

Na kama kidaftari kiko kwako

Wengi wenu mnasoma hii mmeahidiwa kazi ya kampeni, kuzunguka wadi mkiandika watu. Sawa, njaa haina chama. Lakini ujue ukiandika mtu wewe ndio umebeba hiyo data. Muulize kama anakubali na umwambie ni ya nani na ya nini, achukue fomu aisome, asaini mwenyewe. Usiandike kabila. Usirushe orodha kwa grupu ya watu 200. Ikipotea, mwenye kampeni ako na saa 72 kumwambia Kamishna tangu ajue, na atakuuliza wewe kwanza. Kura ikiisha, choma.

Kitu kimoja kuhusu marehemu

Hii huulizwa kwa sauti ya chini. Ukaguzi wa rejista ya 2022, ule kampuni ya KPMG walifanya, ulikuta majina 246,465 ya watu walishakufa. Rejista nzima ilikuwa 22,120,458 baadaye, kwa hivyo ni kidogo kwa asilimia lakini ni wengi ukifikiria ni wazazi wa watu. Tume inafaa kuwatoa ikipata rekodi za vifo, shida ni familia nyingi huzika bila kuchukua cheti cha kifo mpaka siku ya kugawana shamba. Ukiwa na cheti, beba kopi yake na namba ya kitambulisho ya marehemu mpaka ofisi ya tume ya pale alikuwa amejiandikisha, si pale wewe unaishi.

Mzee wangu alikuwa amejiandikisha nyumbani, si Nairobi. Disemba nilipoenda nilipita huko na cheti, karani akakiangalia, akaandika, akanirudishia halisi na kubaki na kopi. Akanipa pole. Namba yake ya kitambulisho naijua kwa kichwa bado, na ukaguzi ukifunguliwa mwaka wa kura nitaituma 70000, na mwaka wake wa kuzaliwa, nione kama bado wananiambia anapigia kura darasa la tatu, shule ya msingi.